Sinia la Chai la Aleyamma

Chai ya saba ilimwagika Ettumanoor, saa kumi alasiri, mbele ya watu kumi na wawili na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Binti aliingia sebuleni macho chini, sinia mikononi. Akampita baba yake, akampita mjomba wake, akafika mbele ya Kunjachan, akasimama. Kikombe kimoja kikainama, kikasita kama kinachofikiri, kikaanguka. Chai yote ikatua kwenye suruali ya Kunjachan, ile mpya ya rangi ya maziwa.

"Samahanini," binti akasema kwa sauti tamu. "Mkono umeteleza, lakini moyo haukuteleza."

Aleyamma, mama yake Kunjachan, alifumba macho. Maneno yale aliyajua hadi nukta. Aliyaandika yeye.

Miaka kumi na mitano sasa alikuwa akiandika hadithi za mapenzi katika Asumini, gazeti la kila wiki, sura moja kila wiki, hata wiki ile aliyomzika mumewe. Kottayam nzima na milima yote ya mashamba ya mpira ililia pale alipotaka ilie. Na hadithi iliyompa jina ilikuwa ya kwanza kabisa, ya msichana Rosakutty aliyeletewa mchumba asiyemtaka. Kwetu mwanamume huja na wazee wake kumwona binti, binti huleta chai, watu wanatazamana kwa muda wa kikombe kimoja, na shauri limekwisha. Binti haulizwi. Rosakutty naye hakuulizwa, basi akajibu kwa kikombe: akammwagia mchumba chai, maana yake simtaki.

Wiki iliyofuata chai ikamwagika Changanacherry. Kisha Pala, mara mbili kwa siku moja. Mwaka haujaisha, akina mama wote wa bonde la mto Meenachil walikuwa wanapika chai vuguvugu kwa usalama, padri mmoja alikuwa amehubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya vikombe, na washenga wenye akili waliwashauri wanaume waende wamevaa suruali ya rangi ya chai. Aleyamma alicheka sana siku zile. Barua za wasichana za kumshukuru alizijaza kwenye kopo la biskuti, na likijaa alinunua biskuti nyingine. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mpaka mwanawe alipofikia umri wa kupelekwa kuletewa chai.

"Dada Aleyamma," alisema mshenga Pothan teksi ilipoondoka Ettumanoor. Pothan alikuwa mzee wa miaka sabini ambaye mwavuli haumtoki kwapani, mvua au jua. "Mimi nimeozesha viziwi. Nimeozesha mwanamume aliyekuwa akishauriana na bata wake. Huyu wako amenishinda, na kosa si lake. Kosa ni lako."

"Langu mimi?"

"Nani kawafundisha hawa watoto? Bibi yangu?"

Kunjachan alikuwa kiti cha mbele, anakamua suruali. "Ilikuwa vuguvugu tu," akasema kwa upole. "Si mbaya."

Upole ule ndio uliomkata Aleyamma maini. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, karani wa posta, hanywi, hagombani, anajua kupika samaki kuliko dada zake, na mabinti saba wamemwagia chai kama anayezimwa moto! Yeye mwenyewe Aleyamma alikuwa na miaka sitini na miwili, moyo umeanza kumrukaruka, na daktari amempigia marufuku chumvi na hasira. Hakuogopa kufa. Aliogopa kumwacha Kunjachan peke yake katika nyumba ya vyumba tisa, anakula muhogo wa jana na kumwambia paka habari za posta.

"Yupo mmoja Pala," alisema Pothan. "Jumapili ijayo. Huyo ndiye wa mwisho. Baada ya huyo, mimi nampeleka kwa mapadri wamchukue."

"Anasoma Asumini?"

"Dada, Pala hata ng'ombe wanasoma Asumini."

Basi usiku ule Aleyamma hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa ameamua. Kama kalamu yake ndiyo iliyoifundisha chai kumwagika, kalamu hiyohiyo itaifundisha kukaa kikombeni.

Akaketi jiko la nyuma, mahali pake pa kuandikia, miguu ndani ya ndoo ya maji ya kisima na bakuli la maji ya wali pembeni, lenye chumvi ambayo daktari hakupaswa kuijua. Hadithi ya wakati ule ilikuwa imefika sura ya thelathini na nane. Msichana Gracy alikuwa amesimama nyuma ya pazia na sinia mkononi, na wasomaji walikuwa wanamngoja atoke kwa wiki nne. Aleyamma akamtoa. Akamfanya ainue macho, aone kwamba mchumba ana uso wa huruma, na ampe kikombe. *Hata tone moja halikutikisika.*

Aliichukia kila sentensi. Maana siku yake yeye, akiwa na miaka kumi na minane, alilibeba sinia macho chini, na hakuuona uso wa mwanamume. Aliona viatu tu, vya kahawia, kamba moja imefunguka. Ouseph alikuja kuwa mume mwema, miaka thelathini na minne bila ugomvi wa kujaza hata sura moja. Lakini hakuna aliyemuuliza Aleyamma. Kikombe cha Rosakutty kilimwagwa kwa niaba yake, na sasa alikuwa anamnyang'anya Gracy kikombe hichohicho kwa mkono wake mwenyewe. Aliona aibu. Kisha akamkumbuka Kunjachan anavyokamua suruali, akaikunja ile sura akaitia bahasha.

Sura zilipelekwa Alhamisi, na aliyezipeleka ni Kunjachan. Kwa miaka kumi na moja alikuwa anaomba ruhusa posta kila Alhamisi, ananyoa ndevu mara mbili, anachukua chupa moja ya achari ya samaki "ya wale wafanyakazi wa kiwanda cha chapa", na kupanda basi la saa tatu kwenda Kottayam. Alirudi na basi la saa kumi na mbili, ananukia wino, anaimba kwa pua. Aleyamma, ambaye katika hadithi alimtambua mwanamume aliyependa kwa jinsi tu anavyofunga kamba za viatu, alidhani mwanawe anapenda basi. Mganga hajigangi.

Asumini ilitoka Jumamosi. Aleyamma alikwenda mwenyewe kituo cha basi kununua nakala, na kabla hajafika kibandani, Thresia muuza magazeti alikuwa ameshamrukia.

"Bi Mwandishi, umenikosha! Nimesoma nimesimama, wateja nikawafukuza!"

"Kwa vile Gracy amekuwa na hekima?"

"Hekima? Kamwaga sinia zima!"

Aleyamma akalinyakua gazeti. Kweli. Gracy alikuwa amemwaga vikombe, birika, na mwisho, alipoona mjomba wa mchumba angali mkavu, bakuli la sukari. Mkono ukateleza, moyo haukuteleza. Na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba ile sukari ilikuwa nzuri. Miaka kumi na mitano ya kumwaga chai, na yeye hakuwahi kufikiria sukari.

Kikulacho ki nguoni mwako. Bahasha ilipita mikono miwili tu, ya mwanawe na ya mpanga herufi. Aleyamma akapanda basi lilelile la mwanawe, amejifunga shuka lake jeupe la kanisani, marinda nyuma yamesimama kama mkia wa jogoo, akaingia kiwandani bila hodi.

Chumba kilikuwa na joto la mashine na visanduku vya herufi za risasi ukutani. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi alisimama mbele yake, miwani imefungwa uzi upande mmoja, mikono myeusi kwa wino hadi kwenye viwiko. Aleyamma alikuwa amemwona mara mbili maishani na hakumkumbuka hata mara moja.

"Nani kapanga sura ya thelathini na nane?"

"Mimi, Bi Aleyamma. Pennamma."

"Na nani kaiandika?"

Pennamma akasukuma miwani juu puani. "Kuanzia pazia mpaka sinia, wewe. Kuanzia sinia, mimi."

"Loh! Na huko nyuma umewahi kunichezea maandishi yangu?"

"Mara moja tu. Yule daktari uliyemuua sura ya tano alikuja harusini sura ya kumi na moja, akala keki. Nikamtoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea haya."

Mashine ilikuwa imezimwa. Wachapaji wawili walijifanya wanatafuta kitu sakafuni. Aleyamma alishusha sauti, na sauti yake ikishuka ndipo ilipotisha.

"Na hii je? Ulimuonea haya nani?"

Pennamma akajifuta mikono kwenye aproni, ikawa michafu zaidi. "Pothan ameshawatangazia watu wote habari za kesho, na binti wa Pala anasoma Asumini," alisema. "Ningeipanga kama ulivyoandika, kesho asingemwaga. Na asipomwaga, Kunjachan anaoa."

Macho ya Aleyamma yakaenda dirishani. Pale dirishani, mstari mzima, zilipangwa chupa za achari. Chupa zake. Zimeoshwa zinang'aa, kila moja imejazwa herufi: hii koma, hii nukta, hii alama za mshangao, ambazo Aleyamma alizitumia sana na chupa zake zilikuwa tatu.

"Amekwambia nini, Kunjachan?" akauliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu chochote! Neno! Neno lolote la kiume!"

"Huniambia basi lilichelewa. Huniuliza kama achari ina chumvi ya kutosha."

"Miaka kumi na moja?"

"Na miezi miwili."

"Mama Bikira! Mimi ningekuwa nimeshawaozesha sura ya tisa!"

Lakini alipokuwa anasema hivyo, upande mwingine wa kichwa chake ulikuwa unapiga hesabu nyingine, kwa habari alizowahi kuzisikia za mpanga herufi wa Asumini. Hana baba huyu. Kaka yake anagema mpira kwenye mashamba ya watu. Nyumba ni vyumba viwili nyuma ya kanisa. Na ile mikono! Ulimi ukatangulia, maneno yakaja yenyewe, yamepangwa vizuri, bila kutafutwa.

"Sikiliza, binti. Nyumba yetu ni nyumba ya miaka mia mbili. Mwanamke wa mikono michafu—"

"—hatavuka kizingiti changu nikiwa hai," Pennamma akamalizia, taratibu, macho chini. "Hadithi yako ya nne, sura ya kumi na saba. Ni yule mama mkwe, Mariyam. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa. Niliipanga nikilia."

Aleyamma alimkumbuka Mariyam vizuri. Alimtungia ufunguo kiunoni, chunjua kidevuni, na roho nyeusi kuliko sufuria. Wasomaji walimchukia hata wakaandika barua wakiomba auawe mapema. Sasa Mariyam alikuwa ndani ya kinywa chake, amekaa kama kwake. Akaketi juu ya marobota ya karatasi.

"Alikufaje yule?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Alisukumwa kisimani na mbuzi."

"Niliandika mimi, mbuzi?"

"Wewe mwenyewe. Na baada ya pale ukaweka alama tano za mshangao."

Aleyamma akaomba maji. Pennamma alimletea katika gilasi, na akaishika kwa ncha ya aproni ili asiitie wino. Aleyamma alikiona kitendo kile kidogo, akanywa maji yote, akaondoka bila kuaga kwa sababu alikuwa anakaribia kulia, na mwandishi wa machozi ya watu hapendi kulia mbele ya wachapaji.

Nyumbani alimkuta Kunjachan anapiga pasi suruali nyingine.

"Acha pasi. Pala hatuendi."

Uso wa Kunjachan ukang'aa, kisha ukaingiwa na hofu. "Lakini mama, yule wa Pala nimeshamwandikia kadi."

"Kadi gani tena?"

Ikatoka yote, pale pale, pasi ikiunguza ubao. Kila binti aliyepangiwa kumwona, Kunjachan alimtumia kadi ya posta wiki moja kabla. Aliikumbuka kwa moyo: *Ndugu binti, mimi ndiye nitakayeletewa chai Jumapili. Tafadhali mwaga. Usiogope, sitakasirika, na mama yangu ataelewa maana ni yeye aliyeanzisha.*

"Wote saba?"

"Wote saba. Yule wa Ettumanoor alinijibu, akauliza imwagwe goti la kulia au la kushoto."

"Kumbe! Mimi nazunguka na Pothan nchi nzima, najilaumu, namharibu Gracy wangu, kumbe mwandishi yumo humu humu ndani!" Aleyamma alitafuta mwiko wa kumpiga nao, akaukosa. "Na mimi kwa nini hukuniambia? Mimi, Kunjachan! Watu wanatoka Trivandrum kuja kuniuliza habari za mapenzi!"

"Wewe ungeandika, mama."

Hilo lilimpata.

"Haya. Na yeye Pennamma? Miaka kumi na moja unamuuliza chumvi?"

Kunjachan aliitoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha kwa uangalifu. Alizungumza akiitazama pasi. "Nilikuwa natafuta neno. Kila neno nililolifikiria, yeye alikuwa ameshalipanga kwa mikono yake, herufi kwa herufi, kutoka kwako. Macho yako ni nyota, ameshapanga. Nitakufa usiponipenda, ameshapanga mara mia. Nikabakiwa na achari, mama. Achari hujaiandika."

Aleyamma alikuwa amewapa mapenzi watu wa milima yote ile, na mtoto wake alikuwa ameachiwa makombo. Hakulia. Alikwenda jikoni akafunga chupa ya achari kubwa kuliko zote, akaifunika kitambaa, akamwambia Kunjachan amwite Pothan.

Jumapili iliyofuata walikwenda nyuma ya kanisa, kwenye vyumba viwili. Pothan alinung'unika njia nzima. Mahari haieleweki, alisema, umri umeenda, na katika miaka hamsini ya kazi hajawahi kupeleka mtu kumwona mwanamke anayemwona kila Alhamisi. "Wewe ulikuwa tayari kumpeleka kwa mapadri," Aleyamma alimwambia. "Nyamaza ule ndizi za kukaanga."

Kaka yake Pennamma aliwakalisha. Vikaja vipande vya ndizi, ikaja keki. Pazia likafunguka, Pennamma akatoka na sinia. Alikuwa amesugua mikono kwa ndimu na majivu mpaka imekuwa myekundu, na bado kucha zilikuwa nyeusi. Pothan alikusanya miguu yake chini ya kiti. Hata Kunjachan, kwa mazoea tu, alisogeza goti.

Hatua tatu, nne. Miwani ikateleza puani. Pennamma akataka kuizuia kwa bega, sinia likapinda, na vikombe vyote vinne vikaondoka pamoja.

Pothan alikuwa wa kwanza kusimama, mwavuli kwapani. "Basi. Tumeelewa. Twendeni."

"Kaa chini, Pothan," alisema Aleyamma.

"Dada, chai imemwagika! Sheria si yako mwenyewe?"

"Imemwagikia wapi? Tazama. Kajimwagia mwenyewe. Na umesikia kasema nini?"

Pennamma hakuwa amesema kwamba moyo haukuteleza. Alikuwa amesema, "Uwii, mguu wangu jamani!" na anaruka kwa mguu mmoja, maana nyumba ile haikuwa na desturi ya chai vuguvugu. Katika hadithi ishirini na tatu za Aleyamma hakuna aliyewahi kujiunguza.

Na Kunjachan alikuwa ameshapiga magoti. Mbele ya kaka mtu, mbele ya mshenga, mbele ya mama yake na watakatifu wote ukutani, alikuwa ameushika mguu wa Pennamma kwa mikono miwili, anaufuta kwa leso. Kwetu hilo halifanywi hata baada ya harusi.

"Inauma?" aliuliza.

"Kidogo."

"Alhamisi nilitaka kukwambia kitu."

"Kwamba basi lilichelewa?"

"Hapana," alisema Kunjachan. "Liliwahi. Huwa linawahi kila siku. Mimi huwa nasimama nje ya dirisha lako kwanza."

Pothan akakaa. Aleyamma aliangalia pembeni, kwenye ndizi, lakini masikio aliyaacha palepale. Neno lile hakuwahi kuliandika, na kwa miaka kumi na moja lilikuwa linapita kila Alhamisi mlangoni mwake na chupa ya achari mkononi. Safari hii alilia kweli, mbele ya watu.

"Mama," Pennamma akasema, mguu ungali mikononi mwa Kunjachan, na ndiyo mara ya kwanza kumwita mama. "Hii usiiandike."

"Mimi? Aka! Niandike mambo ya nyumbani kwangu?"

Jumatatu asubuhi, miguu kwenye ndoo, aliiandika yote: miwani, uwii, leso, dirisha. Hakuacha kitu. Akaifunga bahasha, akampa Kunjachan Alhamisi bila kumtazama usoni.

Jumamosi alinunua Asumini kwa Thresia akaisomea palepale kibandani. Gracy alitoka tena nyuma ya pazia, safari hii kwa mchumba mwingine, akaanza kumtazama mwanamume, na hapo sura ikaishia. Chini yake, mahali pa miwani na leso na dirisha, ukurasa ulikuwa mweupe kabisa, na katikati kuna nukta moja tu.

"Mtambo umeharibika nini, Bi Mwandishi?" Thresia akauliza.

"Mtambo mzima," alisema Aleyamma. Akalikunja gazeti vizuri, akaenda sokoni kununua samaki wa achari.